Setralini ya wiki mbili za mwanzo, na mteja anayerudi kuulizia diazepamu

Kaunta_Likoni

Salaam aleikum nyote, na habari za jioni kwa wenzetu wengine.

Nauliza wenye ujuzi wa famasi na kliniki. Upande huu wa Likoni, Mombasa, cheti cha mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi mara nyingi huja na dawa mbili: setralini ya miligramu 50, nusu kidonge kwa wiki moja halafu kizima, na diazepamu ya miligramu 5 usiku kwa siku 5 au 7. Mteja hununua zote. Siku ya kumi hivi anarudi, diazepamu imekwisha, stripu ya setralini bado ina vidonge vinane, na maneno ni yale yale: "Hii inanizidishia. Nipatie ile ya kulala." Ukimwambia cheti hakimruhusu tena, anapanda feri kwenda kuitafuta kisiwani.

Siku ile ya kwanza, kwa zile dakika tatu nne za kaunta, mtu aambiwe nini hasa? Na wale waliokwisha kuizoea diazepamu kwa miezi, hushushwa vipi kwa vidonge vya 5 na vya 2 tulivyo navyo? Halafu kuna Ramadhani: wengi huuliza kama waache dawa mpaka Idi. Nataka niwajibu kwa hesabu, "muone daktari" peke yake haiwatoshi.

---

Mwanaidi_Famasi

Wa aleikum salaam kaka Kaunta.

Kosa linaanza pale tunapozitia dawa mbili hizi kwenye mfuko mmoja bila kusema kwamba kila moja ina mwendo wake. Diazepamu mtu huisikia ndani ya saa moja. Setralini hutanguliza madhara, nafuu ikaja nyuma. Asiyeambiwa hivyo atazipima kwa mizani moja, na kwa mizani hiyo setralini haiwezi kushinda hata siku moja.

Maneno ya kaunta yawe hivi, na yote yanatosha katika dakika zako tatu:

"Dawa hii hainywewi kwa kushikwa na wasiwasi. Inywe kila siku, wakati mmoja, uwe umeshikwa au hujashikwa. Siku kumi za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, tumbo kulegea, kichwa kuuma, usingizi kuruka, mikono kutetemeka, na wasiwasi wenyewe kupanda kidogo. Usidhani dawa imekukataa. Kula kwanza ndipo unywe. Kuanzia wiki ya pili madhara hushuka. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na hatusemi dawa imeshindwa mpaka zipite wiki sita hadi nane kwenye dozi kamili. Ile ya usiku ni ya kukuvusha siku hizi chache, ikiisha imeisha."

Akiuliza kwa nini dawa ya wasiwasi ilete wasiwasi, mjibu, usimkatize. Setralini huzuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli iliyoitoa, kwa hiyo kiasi chake baina ya seli hupanda tangu siku ya kwanza. Ubongo ndio unaochukua wiki kadhaa kujipanga upya na kiasi hicho kipya. Katikati ya hapo mwili unasikia mabadiliko bila faida. Anayeumia zaidi ni yule mwenye hofu za ghafla, kwa sababu tayari anausikiliza moyo wake dakika kwa dakika. Ukidunda kidogo tu anaamini anakufa. Ndiyo maana daktari ameandika nusu kidonge, na nusu hiyo isirukwe ili "kuwahi kupona".

Sasa angalia hesabu ya stripu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotupotea bila sisi kujua. Nusu kidonge kwa siku 7 ni vidonge vitatu na nusu. Ukimuuzia stripu moja ya kumi, vinabaki sita na nusu, yaani siku ya 13 amekunywa kidonge kizima cha mwisho na ana nusu mkononi. Dawa imemwishia pale pale madhara yalipoanza kupungua na nafuu haijafika. Amelipia taabu, akakosa faida. Mwezi wa kwanza wa siku 30 ni vidonge 27 kamili kwa kuhesabu juu. Kama hana pesa za zote, mwambie tarehe ya kurudi iwe siku ya 11, na uiandike.

Kuhusu kukata: kidonge chenye mstari katikati kikatwe kwa kikata vidonge au wembe mpya, kimoja kimoja, na nusu ya pili itumike kesho yake. Asikate vyote kumi siku moja akavitia kwenye kikopo. Kwa unyevu wa Mombasa vipande hivyo huanza kumung'unyika.

Esitalopramu, ndugu wa setralini, mwendo wake ni huo huo: 5 kwa wiki moja, kisha 10. Fluoksetini ya kapsuli ya 20 haikatiki. Kwa kuwa hukaa mwilini siku nyingi, baadhi ya madaktari huandika kapsuli moja leo, kesho kuruka, kwa wiki ya kwanza. Mtindo huo wa kuruka siku usipelekwe kwa setralini, na kwa paroksetini na venlafaksini ndiyo kabisa, kwani hizo hutoka upesi na mtu atapata kizunguzungu na ile mishtuko kama ya umeme kichwani.

---

Afisa_Changamwe

Dada Mwanaidi amesema sawa. Mimi niongeze upande wa diazepamu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema wazi: dawa za jamii ya diazepamu hazipendekezwi kutibu ugonjwa wa wasiwasi wa kudumu wala wa hofu za ghafla. Kwa dharura ya wasiwasi mkali zinaruhusiwa kwa siku 3 hadi 7, basi. Kwa hiyo daktari aliyekuandikia siku 7 hakuwa bahili. Marekani nao mwaka 2020 waliamuru onyo zito zaidi libandikwe kwenye dawa zote za jamii hii kwa sababu ya uraibu. Alprazolamu, lorazepamu, klonazepamu, bromazepamu, zote ni ndugu. Hata flunitrazepamu, ile vijana wa mitaani wanayoiita bugizi, ni ya ukoo huo.

Udogo wa kidonge usimdanganye mtu. Alprazolamu ya nusu miligramu inakaribia nguvu ya diazepamu ya miligramu 10. Mgonjwa husema "mimi nakunywa kadogo tu", kumbe amepita.

Kushusha sasa. Kanuni ni kupunguza kama sehemu moja ya kumi ya dozi kila wiki mbili hadi nne. Chukua mtu anayekunywa miligramu 10 kila usiku kwa muda wa miezi. Wiki mbili za kwanza anakwenda 9, yaani kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 2. Kisha 8, vya 2 vinne. Kisha 7, cha 5 na cha 2. Kisha 6, vya 2 vitatu. Kisha 5. Hapo wiki 10 zimekwenda na wengi wanadhani kazi ngumu imekwisha, lakini kuanzia 5 kushuka, miligramu moja ni sehemu ya tano ya dozi, na ndipo watu wanapoanguka. Teremka nusu nusu: 4.5 ni vya 2 viwili na robo, 4 ni viwili, 3.5 ni kimoja na robo tatu, na kuendelea hivyo mpaka 0.5, ambayo ni robo ya kidonge cha 2. Jumla ni wiki 28. Kuna watakaoweza haraka zaidi, hasa waliotumia kwa wiki chache tu. Huyo wa miaka atahitaji taratibu kuliko hivyo.

Akifika hatua ikamlemea, usingizi ukakatika na jasho likamtoka, asipande juu. Abaki kwenye dozi ile ile wiki mbili zaidi, halafu aendelee. Ajue pia kwamba wasiwasi wa siku chache baada ya kila hatua ni wa mwili kudai dawa. Haumaanishi ugonjwa umerudi.

Cheti kiwe cha daktari mmoja, famasi moja, na dawa itolewe ya wiki moja moja. Hapo wewe wa kaunta ndiye mlinzi wake mkubwa kuliko mimi, maana mimi namwona mara moja kwa mwezi.

La kukatazwa kabisa ni kukata ghafla. Aliyetumia kwa miezi akiacha kwa siku moja anaweza kupata degedege, na degedege la namna hiyo huua. Mwenye kifafa, anayekunywa pombe kila siku, mja mzito, au aliyefika dozi kubwa asishushwe kwa hesabu za nyumbani, apelekwe hospitali. Port Reitz kuna huduma ya afya ya akili, na Coast General pia wanapokea.

Na kabla ya yote hayo, mtu apimwe. Tezi ya shingo iliyozidi kazi, upungufu wa damu, bomba la pumu la salbutamoli linalotumiwa mara kumi kwa siku, dawa za mafua zenye pseudoefedrini, kahawa chungu vikombe sita, na muguka (majani ya jamii ya miraa): kila kimoja kinadundisha moyo na kutetemesha mikono kama ugonjwa wa wasiwasi. Anayetafuna muguka mchana na kumeza diazepamu usiku ili alale, dawa yoyote utakayomwandikia haitashika. Mambo hayo mawili yanavutana, na mwisho dozi zote mbili zinapanda.

---

Kaunta_Likoni

Shukran sana Afisa, na dada Mwanaidi. Hiyo hesabu ya siku ya 13 sikuwahi kuitazama, na ndiyo hasa inayotokea hapa.

Wako pia wanaokuja kuulizia propranololi kwa jina, wameambiwa na rafiki. Na kina mama wazee wa presha wanaoandikiwa setralini juu ya dawa zao. Hao vipi?

---

Nesi_Kisauni

Niruhusuni nianze na Ramadhani kwanza, swali lake lilipita bila jibu.

Setralini, esitalopramu, fluoksetini na paroksetini zote ni mara moja kwa siku, kwa hiyo hakuna sababu ya kuziacha. Huhamishwa tu. Anayekunywa saa mbili asubuhi anaweza kuhamia kwenye daku, au baada ya kufuturu. Akihamia daku ya saa kumi na nusu alfajiri, baina ya dozi mbili ni saa 20 na nusu. Akihamia saa mbili usiku, ni saa 36. Setralini huchukua kama saa 26 kupungua nusu mwilini, basi kote kuwili hatadhurika. Asinywe mbili "kufidia" siku ya kuhama. Wakati atakaouchagua aushike mpaka mwezi uishe.

Daku au futari? Tazama inavyomfanya. Inayomkatia usingizi iende daku. Inayomletea usingizi iende baada ya futari. Inayomchafua tumbo inywewe baada ya chakula cha usiku, maana kichefuchefu cha mchana na hakuna hata tonge la kukituliza humfanya mtu afungue au aache dawa. Anayetaka kuanza dawa mara ya kwanza na Ramadhani iko siku tatu mbele, kama hali si ya haraka, daktari anaweza kumpangia aanze wiki mbili tatu kabla ili zile siku mbaya zipite. Buspironi, dawa nyingine ya wasiwasi, inayonywewa mara tatu hupangwa upya na daktari iwe mara mbili, futari na daku. Izingatiwe iwe daima pamoja na chakula au daima bila chakula, isichanganywe. Propranololi ya kawaida ya mara tatu nayo huhitaji kubadilishwa kwenda ile ya kutoka polepole. Nani anayeruhusiwa kula kwa ugonjwa wake, hilo amuulize daktari wake na shekhe wake pamoja. Wengi wao wanaelewana vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Usingizi ndio mtego wa mwezi huo. Tarawehe, gumzo, daku, na kahawa juu yake. Mtu analala kwa muda wa saa nne tu kisha analalamika dawa imeacha kufanya kazi. Kahawa iishie futari, na asinzie kidogo baada ya adhuhuri.

Diazepamu ya daku nimeikuta kwenye vyeti, na ni hatari. Dereva wa matatu, wa tuktuk, wa boda, anayeendesha mtambo bandarini: diazepamu ya alfajiri iko naye mchana kutwa, na kesho yake bado ipo. Iliyomo mwilini hupungua nusu kwa siku moja hadi mbili, na kinachobaki baada ya ini kuivunja hukaa zaidi ya hapo.

Joto sasa. Setralini na wenzake huongeza jasho. Amitriptilini, dawa ya zamani ya huzuni, hulipunguza, ngozi ikakauka, na mtu anayebeba mizigo juani mwezi wa Februari au Machi akashindwa kupoa. Wa kwanza aambiwe anywe maji na asiogope jasho la usiku. Wa pili aambiwe akae kivulini na akiona kichwa kizito, moto mwilini na hana jasho, aje haraka. Kuhifadhi: pakiti nyingi zimeandikwa chini ya nyuzi 30, na nyumba ya mabati hupita hapo kila mchana. Dawa ikae chumba cha ndani, chini, mbali na dirisha na jiko, ndani ya stripu yake mpaka saa ya kunywa. Zile bahasha ndogo za karatasi tunazotia vidonge vya kuhesabu zinafaa siku chache tu. Kwa dawa ya mwezi mzima zinavuta unyevu. Diazepamu haipendi mwanga pia.

---

Mwanaidi_Famasi

Ahsante mama Nesi. Nijibu ya propranololi na wazee.

Propranololi haitibu ugonjwa wa wasiwasi. Inazuia mwili usipige makelele: moyo hautakwenda mbio, mikono haitatetemeka, sauti haitakatika. Fikra za hofu zinabaki pale pale. Inafaa kwa tukio lenye saa yake, kama mtihani wa mdomo, usaili wa kazi, hotuba. Dozi ni miligramu 10 hadi 40, nusu saa hadi saa nzima kabla. Ajaribu mara moja nyumbani siku ambayo hana kazi, kwa dozi ndogo, aone kama inamzungusha. Swali la kwanza kabla hujagusa rafu: "Una pumu, au uliwahi kuvuta bomba?" Akisema ndiyo, hapati, kwa sababu dawa hii hubana njia za hewa na hulifanya bomba lake lishindwe kumsaidia. Swali la pili ni sukari: anayechoma insulini hatasikia moyo kudunda na mikono kutetemeka sukari ikishuka, jasho peke yake ndilo litakalomwambia. Swali la tatu ni mapigo. Yakiwa chini ya 60 kwa dakika amekaa, rudisha cheti. Anayeinywa kila siku kwa muda mrefu naye asiikate ghafla.

Kina mama wazee. Setralini na jamaa zake zinaweza kushusha sodiamu ya damu, na hatari huzidi kwa mwenye miaka zaidi ya 65 anayetumia dawa ya presha ya kukojoza, hasa haidroklorothiazidi. Hutokea zaidi wiki chache za mwanzo. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, kuanguka. Nyumbani husemwa "bibi amezeeka ghafla". Apimwe sodiamu kabla na baada ya wiki mbili hivi. Esitalopramu kwake haizidi 10. Diazepamu kwa bibi ni kuvunjika nyonga usiku akienda msalani. Kama unaweza kumshawishi daktari aiondoe, mshawishi.

Mchanganyiko wa kuuliza kila mara ni huu. Kwanza dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini pamoja na setralini huongeza kutoka damu tumboni, kwa hiyo maumivu ya kawaida yapewe parasetamoli. Tramadoli ni mbaya zaidi. Pamoja na dawa hizi huweza kuleta degedege, na serotonini kupita kiasi: jasho jingi, homa, mwili kukakamaa na kurukaruka, akili kuvurugika, mara nyingi ndani ya saa 24. Hiyo ni dharura ya hospitali. Na tramadoli pamoja na diazepamu, au diazepamu na pombe, mnazi, heroini, hata methadoni ya kliniki, huzimisha pumzi usingizini.

Malaria kwetu ni jambo la kila msimu wa mvua. Dawa mseto ya artemetha na lumefantrini hurefusha mdundo wa umeme wa moyo, na esitalopramu na sitalopramu hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa asiruke dozi hata moja kati ya zile sita za malaria, lakini amwambie anayemtibu kuhusu dawa ya wasiwasi, hasa akiwa na ugonjwa wa moyo au aliwahi kuzimia. Setralini ina hatari ndogo zaidi upande huo.

Omeprazoli, ambayo kila mtu wa "vidonda vya tumbo" anayo mfukoni, hupandisha kiasi cha esitalopramu damuni kwa karibu nusu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huharakisha ini, na diazepamu na buspironi hupungua nguvu. Linezolidi ya kifua kikuu sugu isikutane na dawa hizi bila daktari kujua. Juisi ya balungi huzidisha buspironi sana. Chungwa halina neno.

Kombe (maji ya aya za Kurani) na dua havigongani na vidonge, na mtu asilazimishwe kuchagua. La kuuliza ni mitishamba: ni mti gani, unachemshwa kiasi gani, unanywewa na nini.

Majina haya kwenye pakiti yameandikwa kwa Kiingereza, yanapishana na ya hapa kwa herufi mbili tatu. Msomee mteja akiwa ameshika pakiti mkononi, kwa sababu majina mengine hufanana na dawa tofauti kabisa.

---

Kaunta_Likoni

Nimenakili yote. Moja la mwisho: kijana wa miaka 19, wiki ya kwanza ya fluoksetini, mama yake anasema "amekuwa mkali, halali, anazunguka zunguka". Huyo ni wa kuambiwa avumilie?

---

Afisa_Changamwe

Hapana, kaka. Huyo asiambiwe avumilie, arudi kwa aliyemwandikia leo au kesho.

Kuanzia 2004 Marekani waliweka onyo kwamba dawa hizi huweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana mwanzoni mwa matibabu, na 2007 wakalifikisha hadi umri wa miaka 24. Sababu ya kuwa makini siku hizo ni ile ile ya mwanzo: mwili unachangamka kabla moyo haujatulia. Kijana aonwe kila wiki mwezi wa kwanza, na kila dozi ikipandishwa. Ukali, kutotulia, kukosa usingizi kabisa, kusema sana na kutumia pesa ovyo ni dalili za kusimama na kutazama upya. Pengine dozi ipungue, pengine ni ugonjwa mwengine wa hisia za kupanda na kushuka ambao dawa hii peke yake huuchochea.

Muulize kijana mwenyewe, pembeni na mama: "Umewahi kufikiria kujidhuru siku hizi?" Kuuliza hakumtii wazo. Familia zikiogopa kusema kwa hofu ya polisi, waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Msalaba Mwekundu wana simu ya bure ya ushauri, 1199. Na dawa zote za nyumbani azishike mama. Hapa naitaja amitriptilini kwa makusudi: stripu chache tu za dawa hiyo zikimezwa pamoja zinatosha kusimamisha moyo. Kwa mtu mwenye hatari, toa ya siku 7, usitoe ya mwezi hata cheti kikisema mwezi. Mpigie daktari mkubaliane.

Mja mzito aliyeko kwenye setralini asiache mwenyewe. Ni miongoni mwa zinazopendelewa kwa mimba na kunyonyesha. Paroksetini huepukwa miezi mitatu ya mwanzo kwa sababu ya moyo wa mtoto.

---

Mwanaidi_Famasi

Kaka Kaunta, kwa kesho asubuhi, pale mbele ya pakiti ya setralini andika kwa kalamu ya wino mzito, mistari mitano:

Nusu baada ya kula, siku 1 hadi 7.
Kizima kuanzia siku ya 8.
Tumbo na kutetemeka: hupungua wiki ya pili.
Rudi kununua tarehe ___ (siku ya 11).
Usiache mwenyewe. Ikikuzidia, piga kaunta: ___

Kwenye diazepamu andika mstari mmoja: "Kila usiku kwa siku 7, hakuna ya 8. Usiendeshe gari, usinywe pombe." Mkabidhi mkononi huku ukimsomea, kwanza setralini, kisha diazepamu.